Mtuhumiwa Hahukumiwi kwa Kabila Lake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Somo letu ni la uadilifu. Je, mtuhumiwa anaulizwa amefanya nini, au anaulizwa ni wa nani?

1. Mafundisho ya dini

Wafasiri wengi wanaeleza kuwa Suratun Nisaa, kuanzia aya ya 105, ilishuka kwa kisa cha deraya iliyoibwa Madina. Mwizi alijulikana kuwa Muislamu, lakini lawama akamtupia Myahudi, na jamaa zake wakamtetea mbele ya Mtume (S.A.W.). Wahyi ukamtakasa yule Myahudi, na ukakataza kuwatetea wahaini.

Tena Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzum aliyeiba. Usama bin Zayd (R.A.) alipokwenda kumwombea, Mtume (S.A.W.) alikasirika. Alieleza kuwa waliotutangulia waliangamia kwa kumwacha mkubwa na kumwadhibu mnyonge.

2. Mifano ya jirani

Nchini Kenya, mwezi Aprili 2005, Tom Cholmondeley, mzungu wa ukoo wa Delamere wenye ardhi kubwa, alimpiga risasi na kumuua askari wa wanyamapori, Samson ole Sisina. Mwanasheria Mkuu aliifuta kesi kabla haijasikilizwa. Mwaka 2006 alimuua Robert Njoya katika shamba hilo hilo. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miezi minane. Ni kweli alikuwa amekaa rumande miaka mitatu, na jaji alilizingatia hilo. Lakini wengi waliuliza: maskini angefutiwa kesi ya kwanza?

Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, polisi waliwakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na kuwajaza katika uwanja wa Kasarani. Aliyeua hakujulikana, lakini kabila zima lilishukiwa.

3. Na sisi je?

Tusiwanyooshee wengine kidole tu. Ng'ombe akipotea hapa kwetu, kabla ya kufuata nyayo tunasema, "Ni Wamang'ati." Wenyewe ni Wabarabaig, na jina hilo maana yake ni adui. Siku moja tulikuwepo kijana wao alipofungwa kamba na watu wenye hasira. Jioni ng'ombe akaonekana bondeni, amejitenga na kundi. Sisi tulikuwa tumenyamaza. Mwenyezi Mungu atusamehe.

Ibara ya 13 ya Katiba yetu inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na mtuhumiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Kwa hiyo:

(a) Tusimtaje mtu bila ushahidi.
(b) Tusimpige mtuhumiwa. Tumfikishe kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi.
(c) Tuseme kweli, hata ikimgusa ndugu yetu.
(d) Aliyeua au kuiba ashitakiwe yeye, si ukoo wake.

Suratul Maida, aya ya 8, inatuonya tusiache kuwachukia watu kutufanye tukose uadilifu.

Maswali
1. Kwa nini Mtume (S.A.W.) alikataa maombezi ya Usama?
2. Ungefanya nini ungemkuta yule kijana amefungwa kamba?

Wabillahi tawfiq.