Mshono wa Kupishana, na Mkanda wa Bibi

Wengi wetu twajua kutunga shanga katika uzi mmoja na kuzifunga shingoni. Muhula huu, katika chama cha kazi za mikono, tumejifunza mshono wa kupishana. Umeitwa hivyo kwa sababu kila ushanga hukaa katikati ya mbili, mfano wa matofali ukutani.

Chukua sindano nyembamba na uzi wa nailoni uliopakwa nta ya nyuki. Tunga ushanga mmoja, uupitishe uzi mara ya pili usichomoke; huo ni wa kuzuia tu, nao hutolewa baadaye. Kisha tunga shanga 12. Hizo ni safu mbili, ingawa kwa macho ni moja. Sasa geuka: tunga wa 13, ruka wa 12, pitisha sindano katika wa 11. Tunga mwingine, ruka wa 10, ingia katika wa 9. Endelea hivyo mpaka umeongeza shanga 6. Hapo ndipo wanaoanza hutoa machozi, maana kazi hujipindapinda kama nyoka. Kaza uzi, songa mbele. Safu zifuatazo ni rahisi, kwani shanga zilizojitokeza ndizo za kupitia.

Nilipoujua mshono huo nikajiona fundi, nikaomba mkanda wa bibi niutengeneze. Ni mkanda wa Kimaasai, wa ngozi, alioachiwa na mama yake. Uzi wake ni wa kano za mnyama, nao ulikuwa umeoza, bali shanga zilikuwa nzima. Shanga za kioo za namna hiyo zilitoka Venice na Bohemia (leo ni Ucheki), zikapitia Unguja. Stanley alinunua magunia ya shanga huko mwaka 1871, akaandika kwamba kila kabila lilitaka rangi zake.

Yapasa kwanza kuchora mkanda wote katika daftari la hesabu lenye miraba, kila mraba ushanga mmoja. Halafu hufunguliwa safu moja moja, shanga zikaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Mimi sikuchora. Nilikata kwa wembe, na upana wa vidole vinne ukamwagika sahanini.

Nilimpelekea bibi sahani. Alizigusa kwa kidole, akanyamaza kitambo.

“Hapa palikuwa na buluu mbili kando ya nyeupe,” akasema. “Mama aliziweka. Sikumwuliza kwa nini. Zilizofuata sizikumbuki, mjukuu wangu.”

Sehemu iliyobaki niliichora kabla ya kugusa uzi, ikarudi kama ilivyokuwa. Pale pa vidole vinne tuliweka buluu mbili na nyeupe. Kwingine bibi alichagua nyekundu tupu. Aliuvaa harusini mwezi uliopita, pale pekundu pakiwa mbele.