Dondoo muhimu: Rangi za Versailles kwenye jiwe la Kisii

Mabibi wa Versailles wa karne ya 18, enzi ya mtindo wa Rococo, walipenda magauni ya rangi zilizopauka: waridi, bluu ya anga, krimu, kijani hafifu kama chipukizi la chai. Wewe wa Itumbe, Kisii, huhitaji kuagiza kitu Ufaransa. Jiwe la Kisii lichimbwalo Tabaka lenyewe hutoka ardhini likiwa jeupe, krimu, hata waridi.

Ili kuipata rangi hiyo ya Versailles, tafuta kijisanduku cha vipuli cha jiwe hilo ambacho hakijapakwa nta. Kisugue kwa msasa ukikilowesha maji, kwanza msasa mkali, halafu laini. Vumbi la jiwe hili si la kuvuta puani. Kikauke kabisa.

Changanya rangi yako na nyeupe, nyingi kuliko unavyodhani inatosha. Paka. Ikishika, kwaruza kwa msumari mizingo ya kombe la baharini na majani, weupe wa jiwe utokeze. Pande mbili zisifanane. Rococo ilipenda upogo, jambo linalomfaa sana mwenye mkono unaotetemeka. Dhahabu? Ukingoni tu, kisije kikafanana na kombe la mashindano ya shule. Nta huja mwisho.