Kufunga Nanga ya Kamba ya Juu Mwambani

Katika upandaji wa kamba ya juu, kamba hutoka kwa mpandaji, hupita kwenye nanga iliyofungwa juu ya mwamba, kisha hurudi chini kwa mshikaji, ambaye huivuta kadiri mwenzake anavyopanda. Kwa kuwa pande zote mbili za kamba huivuta nanga kuelekea chini, mpandaji wa kilo 80 anayening'inia huibebesha takriban kilonewtoni 1.5, na kilonewtoni 1 ni sawa na uzito wa kilo 100 hivi. Karabina, yaani pete ya alumini au chuma yenye kilango, huundwa ihimili kilonewtoni zisizopungua 20 ikivutwa kwa urefu wake. Uzito wenyewe, basi, hautishi sana. La kuogopwa ni ukingo mkali, pembe pana na karabina iliyogeuka.

Mfungaji huanza kwa kujifunga mwenyewe kwenye mti au jiwe kabla ya kuusogelea ukingo, hatua ambayo wazoefu ndio huipuuza kwa urahisi zaidi. Kisha huchagua mihimili isiyopungua miwili, isiyotegemeana: bolti zisizocheza, mti hai wenye shina nene, au jiwe kubwa lisilotikisika. Kwenye kuta ambazo juu yake hufikika kwa miguu, kama zile za Lukenya karibu na Nairobi, kazi hii hufanywa kabla ya yeyote kupanda.

Mihimili huunganishwa kwa kamba tuli, yaani isiyonyumbuka, kwa sababu kamba inayonyumbuka hurefuka na kufupika kila inapobeba mtu, na kwa kufanya hivyo hujisugua ukingoni kama msumeno. Mikono miwili ya kamba hiyo hukutanishwa kwa fundo la nane lenye kitanzi, na pembe kati yake haifai kuzidi nyuzi 60, ambapo kila mhimili hubeba asilimia 58 ya mzigo. Ikifika nyuzi 120, kila mmoja hubeba mzigo wote, na faida ya kuwa na miwili hupotea. Fundo hushushwa hadi lining'inie chini ya ukingo, na pale kamba inapogusa jiwe huwekwa kitambaa kizito au kipande cha zulia kuukuu, nacho kifungwe kisiteleze.

Kwenye kitanzi hutiwa karabina mbili za kufungwa kwa skrubu, vilango vikielekea pande tofauti. Kamba ya kupandia hupita humo, kamwe si moja kwa moja kwenye utepe wa nailoni, kwani msuguano wa nailoni kwa nailoni huleta joto la kuuyeyusha na kuukata.

Kamba ya mita 60 hutosha ukuta usiofika mita 30, na hata hapo ncha ya upande wa mshikaji hupigwa fundo, isije ikapenya kwenye kifaa chake mpandaji angali hewani.