Mguu wa Mtoto na Gurudumu: Deni ni la Nani?

Somo hili ni kwa kila mtu anayepakia mtoto juu ya kinga, yaani baiskeli, au juu ya pikipiki. Ni kwa mama na baba. Ni kwa kaka anayetumwa kumpeleka mdogo wake shuleni. Ni kwa motari anayetafuta chakula chake barabarani kati ya Beni, Mbau, Oicha na Eringeti. Tena ni kwa mwenye pikipiki, ambaye huketi nyumbani akingoja franga za jioni. Tutajifunza mambo matatu: namna mguu unavyoumia, namna ya kumsaidia mtoto, na deni la ajali ni la nani.

1. Namna mguu unavyoumia

Tazama gurudumu la kinga lililosimama. Utaona vyuma vyembamba, na nafasi kati yao. Mguu wa mtoto mdogo unapita katika nafasi ile. Sasa zungusha gurudumu kwa nguvu. Vyuma havionekani tena, lakini bado vipo, tena vina nguvu ya kuvunja mfupa.

Mtoto aliyepakiwa nyuma hana pa kukanyaga. Miguu yake inaning'inia. Akichoka anaikunja. Akisinzia inalegea. Kinga ikiingia shimoni, mguu unatupwa ndani. Gurudumu linaushika na kuuvuta, mpaka unabanwa kati ya vyuma vyake na mwili wa kinga. Mara nyingi ni kisigino na kifundo vinavyoumia. Ngozi inachunika, nyama inapondwa, na pengine mfupa wa mguu unavunjika juu ya kifundo.

Pikipiki ina hatari hii, na nyingine mbili. Bomba la moshi linaunguza mguu wa mtoto mara moja likigusa ngozi. Tena ncha ya kitenge ambacho mama amembebea mtoto inaweza kushikwa na mnyororo au gurudumu, na kuwavuta wote wawili chini.

2. Namna ya kumsaidia

Simamisha gurudumu mara moja. Usiuvute mguu kwa nguvu, maana kwa kuvuta unazidi kuchuna ngozi. Mtu mmoja amshike mtoto asijipinde. Mwingine alegeze gurudumu, au akate vyuma.

Mguu ukiisha kutoka, uoshe kwa maji safi mengi. Damu ikitoka, gandamiza kwa kitambaa safi. Funika kidonda. Ukidhani mfupa umevunjika, funga mguu pamoja na kijiti au kipande cha ubao, usikaze mno, kisha uuinue kidogo. Kama ni moto wa bomba la moshi, mwagia maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Usitie majivu, wala udongo, wala mafuta, wala dawa ya meno, wala majani yaliyopondwa. Vitu hivi vinaleta uchafu ndani ya kidonda.

Mpeleke hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo. Sikia sana neno hili. Nyama iliyopondwa hudanganya macho. Siku ya kwanza ngozi inaonekana nzima. Baada ya siku mbili au tatu inageuka nyeusi na kufa. Kwa sababu hii mganga akisema, “Mrudishe kesho kutwa nimtazame,” mrudishe. Peleka pia karatasi yake ya chanjo, ili wajue kama amekingwa na pepopunda.

3. Deni ni la nani?

Mtoto akiisha kufungwa kidonda, ugomvi huanza mlangoni pa hospitali. Motari anasema, “Mama hakumshika mtoto wake.” Mama anasema, “Wewe ulikwenda mbio.” Mwenye pikipiki anasema, “Mimi sikuwako.” Na watu wa jamaa wanasema, “Mtoto ni mtundu.” Kila mtu anamsukumia mwenzake deni, mpaka linamwangukia yule aliyebeba maumivu.

Tazama kwanza sheria ya nchi yetu. Amri ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ni kitabu cha tatu cha sheria za watu wa kawaida katika Kongo, inasema habari hii katika vifungu 258, 259 na 260. Maana yake kwa maneno mepesi ni hii: aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake, atailipa. Uzembe na kutoangalia mbele pia huhesabiwa. Tena mtu hujibu kwa ajili ya vitu alivyo navyo mkononi, na bwana hujibu kwa ajili ya yule aliyempa kazi, katika kazi ile. Basi mwenye pikipiki asiseme upesi, “Sikuwako.”

Tazama pia sheria ya Musa. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mtu anayejenga nyumba anaagizwa kuweka ukingo juu ya dari, maana watu wa nchi ile walikuwa wakikaa huko juu. Asipouweka, na mtu akaanguka, damu ile iko juu ya nyumba yake. Angalia vizuri: agizo linakuja siku ya kujenga, wala si siku ya kuanguka. Deni lilianza pale mjenzi alipoona ukingo unahitajiwa, akaacha.

Kuna mfano kutoka mbali pia. Katika majumba ya maduka ya miji mikubwa, kama Nairobi na Kampala, ziko ngazi zinazotembea zenyewe kwa nguvu ya umeme. Watoto hubanwa miguu katika ngazi hizi, kama vile katika gurudumu, hasa wakivaa viatu laini vya plastiki na kusimama karibu na ukingo wa ngazi. Huko Japani, baada ya malalamiko mengi, serikali iliiomba kampuni ya Crocs mwaka 2008 ibadilishe viatu vyake. Haikuridhika kuwaambia wazazi washike watoto mkono. Ilimwendea na mtengenezaji, maana naye aliweza kuzuia.

Hapa ndipo jibu letu. Usiulize tu, “Ni nani aliyekosa baada ya mtoto kuumia?” Uliza leo, “Ni nani awezaye kuzuia kabla hajaumia?” Kila mmoja anayeweza ana sehemu yake ya deni. Mtoto wa miaka minne hana sehemu. Hajui nguvu ya gurudumu, wala hawezi kukesha juu ya miguu yake mwenyewe.

Mtu atasema, “Lakini nilikuwa na haraka.” Ni kweli, na katika wilaya yetu ya Beni tangu mwaka 2014 wengi wamepakia watoto wakikimbia kuokoa maisha. Kumbuka Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alikuwa na umri wa miaka mitano. Yaya wake alimkimbiza ili apone, naye akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Yaya yule alimpenda, lakini upendo wake haukuzuia mtoto kuanguka. Kwa hiyo tengeneza chombo chako siku ya amani, ili siku ya mbio kiwe tayari. Tena kumbuka kwamba Mefiboshethi alipokuwa mtu mzima, Daudi alimkalisha mezani pake siku zote. Kulipa karatasi ya hospitali ya siku moja si mwisho wa deni. Mtoto anahitaji kufungwa kidonda tena na tena, kujifunza kutembea, na kurudi shuleni.

4. Kila mmoja na kazi yake

*Mwenye kinga au pikipiki:* funika pande za gurudumu la nyuma kwa ubao mwembamba, plastiki ngumu au wavu. Weka pa kukanyaga ambapo mguu mfupi unafika. Funika bomba la moshi.

*Motari:* kabla ya kuondoka, geuka utazame miguu ya mtoto na ncha za kitenge. Usimpakie mtoto mbele yako. Usipakie watu watatu ili upate franga zaidi. Nenda polepole.

*Mzazi:* mvike mtoto viatu vilivyofungwa. Mshike, wala usimwache asinzie. Motari akikataa kungoja, shuka. Usimtume mtoto wa miaka kumi kumpakia mdogo wake juu ya kinga isiyofunikwa.

Maswali ya kujibu

1. Kwa nini hatuuvuti mguu uliobanwa?
2. Kwa nini mtoto arudi hospitali hata kama ngozi inaonekana nzima?
3. Deni la mjenzi wa dari lilianza siku gani?
4. Nenda sasa utazame kinga au pikipiki ya nyumbani kwako. Gurudumu la nyuma limefunikwa? Kama bado, ni nani atakayelifunika, na siku gani?