Somo: Seva Inapokwama Mara kwa Mara



Tuchukue mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa mkoani Songwe. Ni msimu wa mavuno, na wanachama wamefika ofisini kuuliza kilo zao na malipo yao. Hesabu hizo zimo ndani ya seva, yaani kompyuta inayotunza taarifa na kuzitoa kwa kompyuta na simu zinazoziomba. Mara seva haijibu. Karani anaizima na kuiwasha. Inafanya kazi hadi saa sita, kisha inakwama tena. Mwanachama aliyetoka mbali anarudi mikono mitupu, na imani yake kwa chama inapungua.

Kuzima na kuwasha si tiba, bali ni kuahirisha ugonjwa. Tena kuna hatari: seva ikizimwa ghafla wakati kilo za mwanachama zinaandikwa, maandishi hayo yaweza kupotea. Basi tutafute chanzo kwa utaratibu.

1. Je, ni seva au ni njia?
Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku hiyo seva nzima ilionekana kama imekufa, kwa sababu njia ya kuifikia ilikuwa mbovu. Kwa hiyo, kama seva imo ofisini mwenu, ifungueni kwanza kwa kompyuta iliyounganishwa nayo kwa waya. Ikijibu hapo, seva haina kosa, chunguzeni mtandao.

2. Je, kuna foleni?
Wakazi wa Tunduma wanaijua foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde. Lori moja likikwama langoni kwa sababu ya hati, yaliyo nyuma husimama, ingawa barabara ni nzuri. Seva nayo ina malango yenye idadi maalumu. Ombi moja zito, kama ripoti ya miaka kumi, laweza kushika lango kwa muda mrefu. Maombi ya namna hiyo yakijaza malango yote, hata ombi dogo halipokelewi. Kuongeza malango pekee hakutoshi. Ombi zito lirekebishwe, au lipangiwe saa za usiku, na liwekewe kikomo cha muda.

3. Je, nafasi imekwisha?
Kumbukumbu ya kazi ikijaa, kompyuta huanza kutumia diski badala yake, na diski ni ya polepole zaidi. Hapo kila kitu huzorota. Diski nayo ikijaa, hesabu mpya haziwezi kuandikwa. Katika seva za Linux, amri ya free huonyesha kumbukumbu, df huonyesha nafasi ya diski, na top huonyesha programu zinazotumia nguvu nyingi. Amri hizi zitumike kabla ya kuzima, kwa maana kuzima hufuta ushahidi.

4. Daftari la matukio
Kila seva inapokwama, Katibu aandike tarehe, saa, na kazi iliyokuwa ikifanyika. Kisha fundi alinganishe na kumbukumbu za matukio ambazo seva hujiandikia yenyewe. Ikiwa hukwama saa ile ile kila siku, tazameni kazi iliyopangwa saa hiyo, kama vile kutengeneza nakala ya akiba. Badilisheni jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mkibadilisha matatu, hamtajua lipi lililoponya.

Zaidi ya yote, daftari la karatasi la mizani lisiachwe. Seva ikikwama, mwanachama apimiwe mzigo wake na apewe stakabadhi.

Maswali ya kujadili katika kikundi
(a) Kwa nini kuzima na kuwasha hakuondoi chanzo?
(b) Mtatofautishaje ubovu wa njia na ubovu wa seva?
(c) Katika chama chenu, nani ana wajibu wa kuandika daftari la matukio?