Somo: Ada ya Mwaka na Faida Yake – Mfano wa Kadi ya Hoteli

Baadhi ya wanachama wana watoto na ndugu waishio Marekani, ambako kadi za mkopo za hoteli zimeenea sana. Swali linaloulizwa ni hili: je, ada ya kadi hizo hurudi? Hesabu yake ni nyepesi, nayo inamfaa kila katibu.

1. Kadi yenyewe

Kadi ya mkopo humwezesha mwenye nayo kununua leo na kuilipa benki baadaye. Kadi ya hoteli huongeza pointi kwa kila dola inayotumika, na pointi hizo hubadilishwa kwa malazi. Ada hutozwa kila mwaka, mtu awe amesafiri au hakusafiri. Mathalani, mwaka 2024 kadi ya World of Hyatt ilikuwa na ada ya dola 95. Kila ilipotimiza mwaka, mwenye kadi alipewa usiku mmoja bila malipo katika hoteli za daraja la 1 hadi la 4 za kampuni hiyo. Usiku huo usipotumiwa katika muda wa miezi 12, hupotea.

2. Thamani ya kweli

Matangazo huuthamini usiku huo kwa bei ya juu ya chumba. Kipimo hicho si sahihi. Thamani ya kitu cha bure ni fedha ambazo mtu angezitoa mfukoni kama asingepewa.

Uchukuliwe mfano wa watu wawili. Wa kwanza huenda Chicago kila mwaka kumwona binti yake, na hulala hoteli ya kampuni hiyo usiku mmoja kwa dola 140. Akiutumia usiku wa bure, huokoa dola 140. Toa ada ya 95, hubaki dola 45. Wa pili akisafiri hulala kwa shemeji yake. Aonapo usiku wake wakaribia kupotea, hufunga safari asiyoihitaji na kutumia dola 60 kwa nauli na chakula. Jumla ametoa dola 155 kwa jambo ambalo hakulikusudia. Rahisi huvunja upishi.

3. Riba

Mwaka 2023 wastani wa riba za kadi nchini Marekani ulipita asilimia 20. Mtu wa kwanza akibaki na deni la dola 1,000 mwaka mzima kwa riba ya asilimia 22, atalipa riba ya dola 220 hivi. Faida yake ya dola 45 imemezwa, na hasara ni dola 175. Vyama vya akiba na mikopo vilivyosajiliwa na serikali kuu ya nchi hiyo viliwekewa kikomo cha riba cha asilimia 18 mwaka 1987, nacho kilikuwa kingali kikitumika mwaka 2024. Hata huko, deni hilo lingegharimu dola 180. Basi, asiyeweza kulipa deni lote kila mwezi hana faida katika kadi ya namna hii.

4. Utaratibu wa kuamua

(a) Iandikwe ada ya mwaka.
(b) Ziandikwe faida zilizotumika kweli mwaka uliopita, si zile zilizoahidiwa.
(c) Iongezwe kwenye ada riba yote na kila gharama iliyozuka kwa ajili ya kuifuata faida.
(d) Hesabu irudiwe mwezi mmoja kabla ya ada mpya kutozwa. Gharama ikizidi faida, kadi ifungwe.

5. Katika chama

Chama nacho hulipa ada za mwaka, kama vile za matengenezo ya mizani au kompyuta. Kamati isiridhie kuendelea na ada yoyote kwa mazoea tu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini usiku wa bure una thamani tofauti kwa watu wawili wenye kadi ileile?
2. Chama chenu hulipa ada zipi kila mwaka, na ni ipi iliyorudisha gharama yake mwaka uliopita?