Chupa ya Chanjo Isiingie Uchafu

Mkulima wa Malakisi, chanjo ni ngao ya ng'ombe wako. Lakini chanjo iliyoingiwa na vijidudu vingine yaweza kuleta maradhi mapya bomani. Kwa mwenye ploti katika skimu, ambaye ng'ombe mmoja wa gredi hulipa karo na deni, hasara hiyo ni kubwa.

Zamani, katika karne iliyopita, ng'ombe walikingwa na sotoka kwa kudungwa damu ya ng'ombe mgonjwa pamoja na seramu ya aliyepona. Damu hiyo iliweza kubeba pia ndigana baridi na mkojo wa damu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Muguga, Dr. Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo kwa kukuza virusi katika chembe hai ndani ya vyombo vya kioo. Chanjo hiyo ilisaidia sana, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani.

Hata hivyo, chembe hizo hulishwa seramu ya ng'ombe, nayo yaweza kuwa na viini. Mwaka 1999 huko Uholanzi, chanjo ya ugonjwa mmoja ilikutwa na virusi vya ugonjwa wa kuhara. Ng'ombe wengi waliugua, na wengine wakafa.

Kwa hiyo kiwandani kila fungu la chanjo hupimwa. Kiasi kidogo hutiwa katika mchuzi wa kukuzia vijidudu na kuwekwa siku 14. Mchuzi ukichafuka, fungu lote halitolewi. Lakini kizibo kikishatobolewa, usafi uko mikononi mwetu. Shika haya:

1. Nunua chanjo kwa daktari wa mifugo au duka lenye kibali, si kwa mchuuzi wa sokoni. Tazama tarehe. Kataa chupa yenye ufa au kizibo kilicholegea.

2. Ibebe katika kasha la barafu na kufuata joto lililoandikwa juu yake. Chanjo nyingi hutaka digrii 2 hadi 8.

3. Sindano na bomba la kuchemshwa vichemshwe dakika 20, kisha vipoe. Usivioshe kwa spiriti wala dawa, kwa maana huua chanjo yenye viini hai.

4. Acha sindano moja safi katika kizibo kwa kuvutia chanjo tu. Sindano iliyomchoma ng'ombe isirudi chupani kamwe. Kila ng'ombe apate sindano yake, kwa sababu damu kidogo hueneza ndigana baridi.

5. Chanjo ya unga iliyokwisha changanywa itumike kwa saa zilizoandikwa tu. Inayobaki isiwekwe hata kesho. Mrudishie daktari chupa aiharibu.

Ukiona jipu lenye usaha mahali pa sindano, au homa isiyopungua, mwite daktari upesi. Andika namba ya fungu iliyo kwenye chupa. Kwa namba hiyo yaweza kujulikana kama kosa ni la kiwandani au la bomani, na jirani zako wakaokolewa.

Utunze usafi wa chupa kama utunzavyo usafi wa ndoo ya maziwa.